Kukokotoa kani ya pete kwenye ukuta wa tangi: mwongozo kamili kwa mafundi na wahandisi wa Unguja na Pemba

Swali la kwanza la mteja ni lita ngapi. Ana haki ya kuliuliza, maana lita ndizo anazozihitaji. Lakini anayechora tangi akianza na kumaliza kwa lita, atanunua mabamba yasiyofaa. Kinachouvuta ukuta mpaka upasuke ni kina cha kimiminika, upana wa tangi, na uzito wa kimiminika chenyewe. Lita hazimo.

Visiwani kwetu matangi ni ya kila namna. Kuna ya mafuta Mtoni na Wesha, ya zege ya Mamlaka ya Maji, ya maji ya hoteli za pwani ya mashariki, na ya viwandani kama kiwanda cha sukari Mahonda na kiwanda cha makonyo (vikonyo vya karafuu) Wawi. Yote yaliyo duara yanafuata hesabu moja, na hesabu yenyewe si ngumu. Aliyemaliza skuli ya sekondari anaiweza kwa kalamu na karatasi. Kazi kubwa iko kwenye kujua kila namba inaingia wapi, na nini kinaongezwa baada ya hesabu kukwisha. Huko ndiko nitakakokaa zaidi.

Kani inatokea wapi

Maji yaliyotulia yanasukuma kila upande. Ukishuka mita 1 chini ya uso wa maji, presha inaongezeka kwa kilopaskali 9.81. Ukishuka mita 5, ni kilopaskali 49.05. Presha hiyo inausukuma ukuta kuelekea nje, kwa pembe mraba na ukuta wenyewe, katika kila nukta ya mzunguko. Kwa kuwa ukuta ni duara na hauna pa kukimbilia, unatanuka, na bamba linavutwa kwa urefu wa mzunguko wake. Mvuto huo ndio kani ya pete.

Ili uipate, lipasue tangi kwa fikra kama papai, juu mpaka chini, ubaki na nusu moja. Kisha chukua ukanda mmoja wa nusu hiyo wenye kimo cha mita 1. Maji yanausukuma ukanda huo utoke. Kani ya kuutoa ni presha mara kipenyo mara mita 1. Kinachouzuia usitoke ni kingo mbili tu pale ulipopasua, moja kila upande. Kwa hiyo kila ukingo unabeba nusu:

T = p × D ÷ 2

Hapa T ni kani ya pete kwa kila mita 1 ya kimo cha ukuta, p ni presha kwenye kina hicho, na D ni kipenyo cha tangi. Ukiandika presha kwa ukamilifu wake, unapata:

T = 9.81 × G × h × r

G ni uzito linganishi wa kimiminika (maji ni 1.0), h ni kina kutoka uso wa kimiminika kwa mita, r ni nusu kipenyo kwa mita. Jibu linatoka kwa kilonyutoni kwa kila mita.

Vijana wanaojifunza kazi huuliza: kwa nini tunazidisha presha kwa kipenyo, na si kwa urefu wa nusu duara, ilhali maji yanagusa nusu duara yote? Jibu liko kwenye mwelekeo. Maji yaliyo karibu na ukingo wa kulia yanasukuma kulia, na ya karibu na ukingo wa kushoto yanasukuma kushoto. Hizo mbili zinauana. Kinachobaki ni ile sehemu ya msukumo inayoelekea mbele, na ukiijumlisha mzunguko mzima inakuwa sawasawa na presha juu ya uso bapa wenye upana wa kipenyo. Atumiaye urefu wa nusu duara atapata kani iliyozidi kwa asilimia 57, na mteja atalipia chuma kisichohitajika.

Kuna njia ya mkato ninayoipenda kwa kazi ya haraka. Kwa maji, zidisha kina kwa nusu kipenyo, zote kwa mita. Jibu ni tani zinazovuta kila mita 1 ya kimo cha ukuta kwenye kina hicho. Tangi lenye nusu kipenyo cha mita 6 na maji ya mita 9 lina tani 54 chini kabisa. Unaweza kuipiga kichwani ukiwa umesimama kiwanjani, na ikikinzana na hesabu ya karatasini, rudi kwenye karatasi.

Lita zilezile, kani tofauti

Chukua matangi mawili. La kwanza lina nusu kipenyo cha mita 6 na kina cha mita 9. La pili lina nusu kipenyo cha mita 9 na kina cha mita 4. Yote yanabeba lita zilezile, kama 1,018,000. Chini ya la kwanza kila mita ya ukuta inavutwa kwa tani 54, chini ya la pili ni tani 36. Tangi pana na fupi linausumbua ukuta kidogo kuliko jembamba na refu la ujazo uleule. Gharama yake inahamia kwingine: sakafu kubwa, paa kubwa, na ardhi, ambayo Unguja si rahisi. Ndiyo maana uamuzi wa kimo na upana ufanywe mwanzo, mteja akiwepo, na si baada ya mabamba kushushwa bandarini Malindi.

Jambo jingine linalowachanganya watu ni mnara. Tangi likipandishwa mita 8 juu ya ardhi, kani ya pete ndani ya ukuta wake haibadiliki hata kidogo. Kina kinahesabiwa kutoka uso wa maji ndani ya tangi mpaka pale unapopakokotolea, basi. Mnara unaongeza presha kwenye bomba linaloshuka chini, na bomba hilo ndilo la kuangaliwa.

Mfano kamili: tangi la chuma la dizeli

Tuseme tunajenga tangi la dizeli lenye kipenyo cha mita 12 na kimo cha mita 9, kwa safu sita za mabamba, kila safu mita 1.5. Tutafuata kiwango cha API 650 cha Taasisi ya Petroli ya Marekani, kile kiambatisho chake cha matangi madogo, kwa sababu ndicho kinachokaribia uwezo wa karakana zetu.

*Hatua ya kwanza: chagua G.* Dizeli ina uzito linganishi wa kama 0.85, petroli iko chini zaidi, kama 0.74. Hata hivyo tumia 1.0. Tangi litajaribiwa kwa kujazwa maji kabla halijaona dizeli, na kiambatisho chenyewe kinakataza kutumia chini ya 1.0. Kinyume chake, kimiminika kikiwa kizito kuliko maji lazima utumie uzito wake halisi. Mafuta ya makonyo ni mazito kuliko maji kwa kama asilimia 5. Molasi ya kiwanda cha sukari inafika 1.4, na hapo zile tani 54 zinakuwa karibu 76.

*Hatua ya pili: chagua h.* Ni kimo cha juu kabisa ambacho kimiminika kinaweza kufika, yaani mdomo wa bomba la kumwagia kinachozidi. Kama hakuna bomba la kumwagia, hesabu mpaka ukingo wa juu wa ukuta. Usikubali kuambiwa "hatulijazi mpaka juu". Ipo siku mlinzi wa pampu atalala.

*Hatua ya tatu: kokotoa kani kwenye kitako cha kila safu.* Kila safu inapimwa pale inapovutwa zaidi, yaani chini yake. Kwa maji na r = 6:

- Safu ya 1, kina mita 9: kilonyutoni 529.7 kwa mita
- Safu ya 2, kina mita 7.5: 441.5
- Safu ya 3, kina mita 6: 353.2
- Safu ya 4, kina mita 4.5: 264.9
- Safu ya 5, kina mita 3: 176.6
- Safu ya 6, kina mita 1.5: 88.3

*Hatua ya nne: geuza kani kuwa unene.* Unene ni kani kugawa kwa mkazo unaoruhusiwa. Kiwango kinaiandika hivi:

t = 4.9 × D × (H − 0.3) × G ÷ (E × 145) + akiba ya kutu

Ile 4.9 ni 9.81 iliyogawanywa kwa 2, ndiyo T yetu ileile. Hapa t ni unene kwa milimita, na H ni kina kwenye kitako cha safu kwa mita. Namba 145 ni mkazo unaoruhusiwa, yaani kani ambayo kila milimita ya mraba ya chuma inaruhusiwa kubeba, kwa megapaskali. E ni kigawo cha mshono, yaani sehemu ya nguvu ya bamba ambayo mshono unahesabiwa kuwa nayo, na ile 0.3 inahitaji maelezo.

Kitako cha safu ya kwanza kimechomelewa kwenye sakafu ya tangi, na safu ya pili imechomelewa juu ya ya kwanza, iliyo nene zaidi. Sakafu haitanuki, kwa hiyo inakishika kitako kisitanuke. Mkazo mkubwa kabisa haupo chini kabisa bali juu kidogo, na kiwango kinapima mita 0.3 juu ya kitako cha kila safu. Njia hii inakubalika kwa matangi ya kipenyo mpaka mita 61. Juu ya hapo kuna njia nyingine, na sidhani kama visiwani tutaihitaji leo.

Kigawo cha mshono ndicho kinachopuuzwa zaidi. Kani ya pete inaupita mshono wa wima moja kwa moja. Mshono wa mlalo kati ya safu na safu hauguswi na kani hii, wenyewe unabeba uzito wa ukuta na paa na kazi ya upepo. Kwa hiyo mshono wa wima ukiwa na tundu, au haukupenya mpaka ndani, bamba lote la milimita 8 lina nguvu ya kile kilichoshika tu. Mishono ya wima ikipigwa picha za eksirei sehemu sehemu, tumia E = 0.85. Isipopigwa kabisa, tumia 0.70. Mimi naona picha ni lazima kwa tangi lolote la mafuta, lakini nimeweka hesabu zote mbili hapa chini ili uone tofauti.

Kwa safu ya kwanza: 4.9 × 12 × 8.7 ni 511.56. Gawa kwa 0.85 × 145, yaani 123.25, upate milimita 4.15. Kwa 0.70 ni milimita 5.04.

*Hatua ya tano: ongeza akiba ya kutu.* Hapa ndipo bahari inapoingia kwenye hesabu. Hewa yetu ina chumvi mwaka mzima, na ndani ya tangi la dizeli maji hutengana na mafuta na kukaa sakafuni, yakila pale pale penye kani kubwa kuliko kote. Mimi huweka milimita 2 kwa tangi la karibu na pwani, hata likipakwa rangi nzuri ndani na nje, kwa sababu rangi inategemea anayeirudia na chuma hakimngoji. Kwa E = 0.85, safu zetu zinakuwa hivi:

- Safu ya 1: 4.15 + 2 = milimita 6.15
- Safu ya 2: 3.43 + 2 = 5.43
- Safu ya 3: 2.72 + 2 = 4.72
- Safu ya 4: 2.00 + 2 = 4.00
- Safu ya 5: 1.29 + 2 = 3.29
- Safu ya 6: 0.57 + 2 = 2.57

*Hatua ya sita: chagua bamba la dukani.* Kwa tangi la kipenyo cha chini ya mita 15 kiwango hakiruhusu bamba la chini ya milimita 5, na safu ya chini isipungue 6. Kwa hiyo safu ya 3 mpaka ya 6 zote ni milimita 5, safu ya 2 ni milimita 6, na safu ya 1 ni milimita 8.

Safu ya kwanza itakuletea ubishi. Mteja ataona 6.15 na atauliza kwa nini asinunue 6, tofauti ni unywele tu. Mjibu kwa kaliper. Pima kingo za mabamba mahali yanapouzwa, kila bamba sehemu kadhaa, na utakuta ya "6" yakisoma pungufu ya 6. Ukishatoa milimita 2 za kutu, kila sehemu ya kumi ya milimita uliyoipoteza ni fungu kubwa la kile kilichobaki. Chukua 8.

*Hatua ya saba: rudi kwenye kipenyo.* Hii haimo kwenye vitabu vingi lakini inaokoa fedha. Mzunguko wa tangi la mita 12 ni mita 37.7. Kwa mabamba ya mita 6, kila safu inahitaji mabamba sita na kipande cha mita 1.7. Kipande kile ni mshono mmoja wa wima wa ziada kwa kila safu, na bamba moja linakatwa bure. Ukipunguza kipenyo kuwa mita 11.46, mabamba sita yanatosha kamili, kani inapungua kidogo, na unapoteza asilimia 9 ya ujazo, ambayo unaweza kuirudisha kwa kuongeza kimo ikiwa hesabu inaruhusu. Mwambie mteja mapema.

Na mishono ya wima isikae juu ya mwenzake. Ya safu ya pili iangukie katikati ya mabamba ya safu ya kwanza, au angalau theluthi ya urefu wa bamba mbali na mshono wa chini.

Matundu

Ukuta ukikamilika kwenye karatasi, huja mlango wa kuingilia mtu, bomba la kuingizia, bomba la kutolea, na la kumwagia taka. Kila tundu linakata njia ya kani ya pete. Kani haifi kwa kukatwa njia, inazunguka pembeni ya tundu na kujazana hapo.

Tuchukue mlango wa milimita 600 katikati ya safu ya kwanza, mita 0.75 kutoka sakafuni. Kina pale ni mita 8.25, kani ni kilonyutoni 485.6 kwa mita, na tundu limekata mita 0.6. Hiyo ni kilonyutoni 291, karibu tani 30, zinazotafuta pa kupita. Ndiyo maana tundu hili linawekewa bamba la kuimarisha, duara linalolizunguka. Kanuni ni hii: eneo la chuma lililotolewa (upana wa tundu mara unene wa ukuta) lirudishwe pembeni yake, karibu, na kwa chuma cha aina ileile. Toboa tundu dogo kwenye bamba la kuimarisha, uingize hewa ya kiasi nyuma yake na upake maji ya sabuni kwenye mshono. Povu litakuonyesha pasiposhika.

Mabomba madogo madogo yakusanye mbali na mishono ya wima. Sijui fundi mwenye uzoefu anayekubali kutoboa juu ya mshono, na wewe usikubali hata kama mchoro wa mabomba unataka hivyo. Mchoro ndio ubadilike.

Tangi la zege

Kwa matangi ya maji ya vijijini zege ni chaguo zuri, na kani ya pete ni ileile. Tofauti ni anayeibeba. Zege likivutwa hupasuka upesi, kwa hiyo mvuto wote unakabidhiwa nondo za mzunguko, na zege linabaki na kazi ya kuzuia maji.

Mfano: kipenyo mita 10, kina mita 4, ukuta milimita 200. Chini kabisa T = 9.81 × 4 × 5 = kilonyutoni 196.2 kwa mita. Kwa matangi ya maji nondo hazivutwi mpaka mwisho wa uwezo wake, kwa sababu zikirefuka sana nyufa zinafunguka. Mkazo wa megapaskali 130 kwa nondo za meno ni kipimo kinachotumika sana. Eneo la nondo ni 196,200 ÷ 130, milimita za mraba 1,509 kwa kila mita ya kimo. Gawa pande mbili za ukuta. Nondo za milimita 12 kila milimita 140, ndani na nje, zinatoa 1,616. Inatosha. Kuanzia nusu ya kimo kwenda juu unaweza kutanua mpaka milimita 200.

Wenye majedwali ya matangi ya zege watasema kani ya kweli ni ndogo zaidi, na wako sawa. Ukuta ukiwa umefungwa na sakafu, kitako hakitanuki, kani chini kabisa inakaribia sufuri, na kubwa zaidi iko kama asilimia 60 ya kimo kutoka juu. Kwa tangi hili jedwali linatoa kigawo cha 0.575, yaani kilonyutoni 112.8. Lakini kile kitako kilichozuiwa kutanuka kinapinda, na kupinda huko kunataka nondo za wima za kutosha upande wa ndani chini. Anayetumia kigawo cha 0.575 na kusahau nondo za wima ameacha tangi katika hali mbaya kuliko aliyehesabu kwa njia fupi. Kama huna uhakika kwamba sakafu itaushika ukuta barabara, hesabu kwa 196.2 na uweke na nondo za wima pia.

Kagua ufa: kani kugawa kwa eneo la zege pamoja na mchango wa nondo. Kwa zege la daraja 30 inatoka kama megapaskali 0.92, na kikomo ni 1.5. Ukuta wa milimita 200 unafaa.

Mambo matatu ya kiwanjani. Nondo za mzunguko zipishane angalau mara 50 ya unene wake, milimita 600 kwa nondo ya 12, na mipishano isipangwe mstari mmoja wa wima, maana huo mstari ndipo ukuta utakapofunguka. Mchanga wa pwani usiguse zege hili. Najua mchanga umekuwa adimu na ghali, lakini chumvi yake inazila nondo kutoka ndani, na nondo ndizo tangi lenyewe. La tatu ni msingi: kwenye jiwe la matumbawe la mashariki mwa Unguja mna mapango madogo chini, kwa hiyo chimba mashimo ya uchunguzi kuzunguka duara lote kabla ya kumwaga sakafu.

Tangi tupu nalo lina hatari yake

Tangi likijaa, kimiminika kinausukuma ukuta kuelekea nje. Likiwa tupu, upepo unasukuma ndani, na bamba la milimita 5 lenye kipenyo cha mita 12 linaweza kubonyea. Visiwa hivi vimewahi kupigwa na dhoruba kubwa, ile ya Aprili 1872 iliing'oa mikarafuu ya Unguja. Weka pete ya chuma cha pembe juu ya ukuta, na bomba la hewa lenye upana wa kutosha ili pampu ikivuta mafuta, hewa iingie kwa kasi ileile. Hesabu ya kubonyea ni somo lake peke yake.

Kujaribu kwa maji

Tarehe 15 Januari 1919, mjini Boston nchini Marekani, tangi la molasi lenye kimo cha mita 15 na kipenyo cha kama mita 27 lilipasuka na kuua watu 21. Piga njia yetu ya mkato: 15 × 13.5 × 1.4, zaidi ya tani 280 kwa kila mita ya ukuta chini. Ukuta ulikuwa mwembamba mno kwa kani hiyo. Kabla ya kulitumia walilijaribu kwa maji ya inchi 6 tu, kina kisichouvuta ukuta hata chembe. Jaribio la maji lina maana likifika juu.

Jaza kwa hatua: robo, nusu, robo tatu, kisha lote. Katika kila hatua simama, pima viwango vya msingi kuzunguka tangi kuona kama unatitia upande mmoja, na pita mshono kwa mshono. Likijaa, liache saa 24. Kwa matangi ya kando ya bahari watu hutamani kuvuta maji ya chumvi, kwa sababu lita milioni za maji matamu si mchezo. Maji ya bahari yanaongeza kani kwa asilimia 2.5, hilo si tatizo, lakini siku ileile ya kuyatoa osha ukuta kwa maji matamu mpaka chumvi iishe. Kama huna maji ya kuoshea, huna ruhusa ya kutumia ya bahari.

Kuna kipimo ninachokipendekeza kwa kila tangi la chuma. Kabla ya kujaza, zungusha futi ya chuma kuuzunguka ukuta mita 1 juu ya sakafu, ikaze, usome milimita. Likijaa, soma tena. Kwenye mfano wetu, kina pale ni mita 8, kani kilonyutoni 470.9 kwa mita, bamba ni milimita 8, mkazo ni megapaskali 58.9. Gawa kwa 200,000, ugumu wa chuma, kisha zidisha kwa mzunguko wa mita 37.7. Tangi linatakiwa kurefuka kama milimita 11. Ukisoma 10 au 12, ukuta unafanya kazi ulivyokokotoa. Ukisoma 18, simamisha kila kitu: ama bamba si nene kama ulivyoambiwa, ama mshono fulani unafunguka.

Masomo yote mawili yafanywe alfajiri, kabla jua halijapiga. Nyuzi 10 za joto peke yake zinaurefusha ukuta kwa milimita 4.5, na hapo hutajua ni maji au ni jua. Andika namba zote mbili, tarehe na jina la aliyesoma, kwenye daftari la tangi. Mafundi watakaokuja baada ya miaka kumi kupima kutu wataihitaji kurasa hiyo, na wakaguzi wa ZURA, mamlaka inayodhibiti huduma za maji na nishati Zanzibar, nao wataiuliza kama tangi ni la mafuta.

Ukikuta mshono unatoka jasho, weka alama ya chaki pale, usichomelee juu ya maji. Punguza maji mpaka milimita 300 chini ya alama, kausha, saga mshono mpaka chuma safi, chomelea upya, kisha ujaze tena mpaka juu na uhesabu saa 24 upya.